Gemu za stori: machaguo yakizidi unayabebaje?

BintiWaPangani
Habari zenu wakuu. Naandika gemu ya stori, ya kusoma na kubonyeza tu, natumia programu ya Twine maana ni bure na haitaki ujue koodi sana. Ni binti katoka Tanga na basi anakuja Dar kumtafuta kaka yake ambaye hapokei simu. Sasa kila mchezaji akichagua moja kati ya mawili nafungua njia mpya inayoenda peke yake mpaka mwisho, na nikipiga hesabu machaguo 10 tu ni njia 1,024! Niko chaguo la tano, tayari 32, na zingine naandika ilimradi zijae. Nikizirudisha zote sehemu moja naona kama namdanganya mtu, amechagua bure. Nyie mnaocheza, kitu gani kinakufanya uhisi uamuzi wako umefanya kazi kweli?

mzee_wa_pedi
Dada rudisha njia wala usiogope. Kaangalie The Walking Dead ya Telltale, ile ya 2012 (navujisha stori, ambaye hajacheza aruke). Episodi ya kwanza pale duka la dawa mizombi inaingia, una sekunde chache umwokoe Doug au Carley, mmoja anakufa hapo hapo. Na yule uliyemwokoa, awe nani, episodi ya tatu anapigwa risasi. Yaani wamekufungulia njia mbili halafu wamekuja kuzifunga. Lee mwenyewe, yule unayemchezesha, fanya utakavyo, ataumwa na zombi tu. Lakini watu wamelia kwa ile gemu, mimi mmojawapo, kwa sababu kale kabinti Clementine kako pembeni kanakuangalia muda wote. Ukidanganya, ukichukua chakula kwenye gari la watu, kanaona, na maandishi yanatokea juu kwamba Clementine atalikumbuka hilo. Mwisho kabisa yeye ndo ana bastola na wewe unamwambia akupige risasi au akuache. Sasa hapo nani anajali tena kama Carley alikufa mapema au baadaye, unachojiuliza ni umemlea vipi huyu mtoto.

Chui254
Mi napinga kidogo hapo boss. Kukumbukwa ni sawa lakini mwisho nao lazima ulipe. Mass Effect 3 hiyo hiyo 2012, watu walikuwa wamebeba sevu yao (mchezo waliouhifadhi) tangu ya kwanza ya 2007, nani aliishi nani alikufa, alafu mwisho unapewa machaguo matatu ambayo hayatofautiani sana. Makelele yalikuwa mengi hadi BioWare, waliotengeneza gemu, wakatoa nyongeza ya bure mwaka huo huo. Na ni hao hao waliofanya Mass Effect 2, ile misheni ya mwisho, kama hukuimarisha meli mtu anakufa hata kabla mfike, ukimpa mtu kazi isiyomfaa kuna atakayekufa, hata Shepard mwenyewe, yule unayemchezesha, anaweza asirudi. Hapo kila kitu ulichopuuza kinakuja kukudai.

Kingine ni muda. Witcher 3 kuna roho imefungwa kwenye mti, uiachilie ama uiue. Ukiiachilia watoto yatima wanapona lakini kijiji kinaangamia, na baadaye unakuta mke wa Baron, mtawala wa eneo lile, amekufa na Baron mwenyewe amejinyonga. Ukiiua, huyo mke anaishi ila akili zimemtoka, na wale watoto ndio wamepotea. Hayo yote unayajua ukiwa umeshaenda mbali, kurudi kwa sevu ya zamani unaona ni kazi bure, inabidi uishi nayo tu.

fundi_koodi
Wote mko sahihi, tuje kwa kazi yenyewe. Usihesabu njia, hesabu kumbukumbu. Twine inakuruhusu kutunza vitu vidogo nyuma ya pazia, mfano kondakta anamuuliza binti "unaenda kwa nani mjini?" na mchezaji anachagua aseme ukweli au adanganye. Usifungue njia mpya, tunza tu kwamba alidanganya. Safari inaendelea ile ile, sini ile ile. Halafu wakishashuka pale stendi ya Magufuli, binti hajui aelekee wapi, kama alisema ukweli kondakta anamwita, "we dada, kaka yako si ulisema anakaa Mbagala? Njoo nikuoneshe gari." Kama alidanganya, kondakta anampitia pembeni kama hamjui. Aya mbili tu umeandika, na mchezaji atazikumbuka. Njia kubwa zinazoachana kabisa weka mbili au tatu, mwishoni, zitegemee zile kumbukumbu.

BintiWaPangani
Aisee hii ya kondakta nimeielewa kabisa, asanteni sana. Nabaki na njia tatu, zile zingine zote nazirudisha. Swali dogo, nimwoneshe mchezaji kwamba jambo limekumbukwa kama Telltale, au nifiche?

fundi_koodi
Ficha. Detroit: Become Human inakuonesha mchoro mzima wa njia kila sura ikiisha, na ni mzuri kwa anayetaka kurudia, lakini ukishauona unaanza kucheza mchoro. Kwako mwache asikie kwa mdomo wa kondakta.

mzee_wa_pedi
Naunga mkono. Na ukimaliza tuwekee link hapa, mi nitaanza kwa kudanganya.