Mamlaka ya hewa isiyo na amri juu ya malori: West Oakland inapataje haki?

Mdadisi wa Sera
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafuatilia kazi ya mamlaka ya ubora wa hewa ya eneo la Ghuba ya San Francisco, California, iliyoundwa mwaka 1955 na inayohudumia kaunti tisa. Kwa ninavyoelewa, sheria huipa nguvu juu ya vyanzo visivyohama, kama viwanda na mitambo ya kusafisha mafuta, ilhali magari husimamiwa zaidi na jimbo na serikali ya shirikisho. West Oakland, mtaa wa magharibi mwa jiji la Oakland katika eneo hilo, imezungukwa na barabara kuu na bandari, na masizi yanayowasumbua wakazi wake hutoka kwenye malori, meli na treni. Mamlaka inapodai kutetea haki ya mazingira, yaani kwamba wanyonge wasibebeshwe uchafuzi kuliko wengine, mahali kama hapo, ina silaha gani zaidi ya kupima hewa na kuandika ripoti?

Bi. Zuhura
Ndugu Mdadisi, kupima kwenyewe kusidharauliwe. Zamani hewa ya mji mzima ilielezwa kwa vituo vichache, hadi mwaka 2015 na 2016 magari yenye vipimo yalipozungushwa Oakland mtaa kwa mtaa, na watafiti wakaonyesha kwamba uchafuzi unaweza kutofautiana mara tano hadi nane kati ya sehemu mbili za mtaa huohuo. Mkazi aliyezoea kuambiwa kwamba wastani wa jiji hauna tatizo akapata cha kumjibu ofisa.

Kisha ikaja sheria ya jimbo ya mwaka 2017, AB 617, iliyozitaka mamlaka za hewa kuandaa mipango pamoja na jamii zilizoelemewa na moshi. Mpango wa West Oakland ulipitishwa Oktoba 2019, na uliandaliwa bega kwa bega na West Oakland Environmental Indicators Project, shirika la wakazi ambalo Margaret Gordon ni mmoja wa waasisi wake. Hapo wananchi hawakuitwa kikaoni kusaini mahudhurio na kunywa soda. Waliongoza kamati pamoja na maofisa. Humo utakuta makumi ya mikakati, na mingi ni ya taasisi nyingine: njia na maegesho ya malori ni ya Jiji, shughuli za gatini ni za Bandari. Mamlaka yenyewe huchangia ruzuku za kubadilisha injini kuukuu za dizeli, na huwakalisha wahusika hao meza moja.

Msomaji wa Ramani
Kukalishwa meza moja ni jambo jema, lakini naomba tuitazame barabara ya I-580. Tangu miaka ya 1960, malori yenye uzito wa zaidi ya pauni 9,000, yaani takriban tani nne, yamezuiwa kupita sehemu yake iliyo Oakland, kwa hiyo mzigo wote huhamia I-880, inayopita kando ya vitongoji vya Wamarekani weusi na Walatino wenye kipato kidogo. Mamlaka ya hewa haikuweka zuio hilo, wala haina uwezo wa kuliondoa. Ruzuku ya injini hupunguza moshi wa kila lori, ila haibadilishi ni mlango wa nani linapita.

Bi. Zuhura
Hilo silipingi. Ukitaka kuiona mamlaka ikiwa na meno, nenda Richmond, mji mwingine wa eneo hilohilo la Ghuba, ambako moto wa mwaka 2012 katika mtambo wa kusafisha mafuta wa kampuni ya Chevron uliwapeleka watu wapatao 15,000 kutafuta matibabu. Mwaka 2021 bodi ya mamlaka ilipitisha kanuni kali ya kupunguza chembe ndogo za uchafu wa hewa zinazotoka kwenye mitambo ya aina hiyo. Kampuni ikaenda mahakamani, na Februari 2024 ikakubali kuitii kanuni hiyo na kulipa faini ya dola milioni 20.

Mdadisi wa Sera
Nashukuru, nimeelewa. Basi nitausoma tena mpango wa West Oakland nikiangalia, kwa kila mkakati, ni taasisi gani yenye amri ya kuutekeleza na ipi iliyoombwa tu kusaidia.