Majirani Mikindani: gumzo la Ijumaa

07:02 Mzee Hamisi: Assalamu alaykum majirani. Ijumaa njema. Mtume S.A.W. amesema: mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ameipokea Ibn Majah. Tukumbushane 🤲🏾

07:05 Mama Shadya: Waalaykum salaam. Amin baba.

07:06 Issa Boda: Amin mzee wetu 🙏🏾

07:31 Bi Somoe: Amin. Kaka Hamisi, Dadi aliyekupulizia salfa kwenye mikorosho kule Nanguruwe yuko hapa barazani kwangu. Jasho lilishakauka zamani. Macho ndiyo bado mekundu.

07:32 Issa Boda: 👀

07:40 Mzee Hamisi: Somoe, hayo si ya humu. Ungenifuata nyumbani.

07:42 Bi Somoe: Nimekufuata. Naambiwa umelala, mara umeenda Lindi, na pikipiki yako ipo mlangoni.

07:44 Mama Shadya: Jamani, mtu mzima haumbuliwi hadharani.

07:51 Mzee Hamisi: Sijakataa kulipa. Nimemwambia asubiri mnada wa korosho. Mikorosho yenyewe ndiyo kwanza inatoa maua, na pesa yote imeishia kwenye salfa na mafuta ya mashine.

08:03 Mwl. Nanjota: Shikamoo mzee. Leo Juni, minada ni Oktoba. Hapo bado kupeleka chama cha ushirika, bado ghala, bado kusubiri benki. Tangu stakabadhi ghalani, huku kuweka korosho ghalani na kungoja mnada, ianze huku 2007 hakuna asiyeijua subira hiyo. Na msimu ule wa 2018, serikali inanunua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yanasomba magunia, wewe ndiye uliyekuwa unalalamika pale kwenye kahawa kwamba mtu akishatoa jasho apewe chake. Tulikuunga mkono wote, maana ulikuwa na haki. Sasa Dadi hana hata mkorosho mmoja. Ana mikono yake tu na bomba la kukodi.

08:07 Mzee Hamisi: Marahaba mwalimu. Lakini shamba si pesa mkononi.

08:08 Issa Boda: Ubwiriunga, ugonjwa wenyewe unaopuliziwa salfa, nao ungeuambia usubiri mnada, njomba 😂

08:09 Mama Shadya: Issa, adabu! Na wewe Bi Somoe, binti anayekuuzia vitumbua unamlipa lini? Tusisemane tu.

08:12 Bi Somoe: Kila jioni. Yake anaitoa yeye mwenyewe kwenye kopo kabla sijahesabu yangu. Si mnakutana bombani, muulize.

08:13 Mama Shadya: Haya.

08:15 Mwl. Nanjota: Kama walipatana baada ya mnada, Dadi asubiri, hana la kusema. Walipatanaje?

08:16 Bi Somoe: Mfuko elfu kumi, mifuko 12, kazi ikiisha. Waliongea mbele yangu.

08:29 Mzee Hamisi: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

08:30 Issa Boda: Nimeshausoma 😅

08:31 Mwl. Nanjota: Hata mimi. Mzee, suala si kwamba Dadi ni "kijana tu, hana familia". Hadithi uliyotuma haikuuliza mfanyakazi ana watoto wangapi.

08:50 Mama Shadya: Mwalimu, hapo kweli. Baba Hamisi, mlipe tu yaishe, Ijumaa hii.

10:20 Mzee Hamisi: Nimemrushia 60,000. Iliyobaki Jumatatu, nauza mbuzi.

10:24 Bi Somoe: Imeingia. Anasema asante baba. Anauliza, na ya kutolea?