Kiwanda kimepigwa faini kubwa. Sisi wa chini ya mto tunapata nini?

MamaNuru_Moro:
Habari zenu wanajamvi. Nalima mchicha na matembele kando ya kijito, na juu yetu kuna kiwanda cha ngozi. Mwaka jana maji yaligeuka meusi, mboga zikaungua majani. Wakaguzi walichukua sampuli, kiwanda kikapigwa faini ya mamilioni, mtaa mzima ukashangilia. Kimelipa, kinaendelea na kazi, na maji hata mbuzi hanywi. Pesa ile imekwenda wapi? Faini ingekuwa kubwa zaidi, ingesaidia?

Chacha_wa_Tarime:
Mama, faini inaingia serikalini. Mei 2019 NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, iliupiga mgodi wa dhahabu wa North Mara huku Tarime faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi kutoka bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mgodi lenye sumu. Julai ikaja amri ya kuacha kulitumia bwawa lenyewe, na Septemba likaruhusiwa tena. Kwa maoni yangu amri ile ndiyo yenye meno. Faini mgodi unaipangia bajeti. Bwawa likifungwa, uzalishaji unayumba siku hiyo hiyo.

Juma_Changamwe:
Pole sana Mama Nuru. Msichanganye faini na fidia. Huku Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kiliwamwagia watu wa mtaa wa Owino Uhuru sumu ya madini ya risasi (lead) kuanzia 2007. Kilifungwa 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na mwanawe akaugua, ndiye aliyewakusanya majirani. Mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu miaka hiyo, wapo waliozikwa kesi ikiendelea.

Na tazama nani alibebeshwa mzigo: NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, asilimia 40 ya fidia, kuliko kiwanda chenyewe! Ilikosa kusimamia, ni haki ilaumiwe. Lakini hela za NEMA ni kodi yangu na ya muuza mahamri. Hilo linaniuma mpaka leo. Kiasi kiwe kikubwa namna gani, kama mwenye kiwanda keshafunga na kuondoka, tunajilipa wenyewe. Dai sasa, kingali kinafanya kazi na kina mali ya kukamatwa.

MamaNuru_Moro:
Asante kaka zangu. Basi nianzie wapi?

Chacha_wa_Tarime:
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina amri ya kurejesha mazingira. Andikeni barua NEMC mkiiomba, kupitia ofisi ya mtaa, wote mtie saini. Ombeni na majibu ya sampuli.

Juma_Changamwe:
Na mpimwe ninyi wenyewe pia, watoto kwanza. Owino Uhuru vipimo vya damu ndivyo vilivyosimama mahakamani. Mpeleke nakala kwa wakili, karatasi halisi zibaki kwako.

MamaNuru_Moro:
Jumamosi tuna kikao cha wakulima. Barua naisoma pale.