Mwaka wa 2 kwa omeprazole ya kiungulia na bado nalala nimeketi. Nishaurini

Mpita Magadi Road:
Habari za jioni wadau. Nina miaka 38, nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road jijini Nairobi, nyumbani ni Rongai. Kiungulia kilinianza usiku mmoja kifua kikawaka mpaka jirani akanikimbiza hospitali tukidhani ni moyo. Moyo ukapatikana mzima, nikaandikiwa omeprazole miligramu 20. Inasaidia, siwezi kuikana. Lakini nikiiacha siku 3 tu moto unarudi kuliko wa kwanza, kwa hivyo kila mwezi niko kwa kemisti.

Kidonge chenyewe si tatizo. Maisha ndiyo yamekwisha ladha. Mama watoto alihamia chumba cha watoto kwa sababu ya kikohozi changu cha saa nane usiku. Nikiinama kutafuta bolti chini ya kaunta, maji machachu yananipanda hadi kooni mteja akiniangalia. Nyama choma ya Jumamosi natoa mchango kama wenzangu kisha nakaa nikitazama mbavu. Na juzi ukweni nilikataa chai, mama mkwe akamwuliza mke wangu faraghani kama nina kinyongo naye. Hiyo iliniuma kuliko kiungulia.

Natoka saa kumi na moja alfajiri, jam inanifikisha saa tatu usiku. Nakula, namaliza na kidonge, nalala juu ya mito mitatu. Nitameza hadi lini? Kuna aliyewahi kuacha?

Fundi Saa:
Maziwa baridi glasi moja kabla ya kulala, mkubwa. Utanishukuru.

Mama Wawili:
Maziwa yanapoza kidogo tu, halafu tumbo linaamka kuyasaga na asidi inaongezeka. Mimi nilihangaika nayo mimba zote mbili. @Fundi Saa usiuze dawa usiyoijua 😂

Nesi wa Usiku:
Pole kaka. Umesema unamaliza na kidonge, yaani unakimeza baada ya kula?

Mpita Magadi Road:
Ndiyo dada, nikishaosha mikono.

Nesi wa Usiku:
Basi nusu ya dawa unaitupa. Omeprazole huzima pampu za asidi, na pampu hizo huwashwa na chakula. Inatakiwa ifike kabla ya ugali: nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, tumbo likiwa tupu. Wengi humeza kabla ya kifungua kinywa. Wewe unayesumbuliwa usiku, muulize daktari kama ya jioni ingekufaa zaidi.

Na huo moto wa siku ya 3 si lazima uwe ugonjwa. Tumbo lililozuiwa muda mrefu, ukiliachia ghafla, hutoa asidi kupita kawaida kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana daktari huipunguza polepole. Wapo pia wasiofaa kuacha kabisa, kama wenye vidonda vibaya kwenye umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni), na huwezi kujua uko kundi gani bila kuchunguzwa. Miaka 2 inatosha, omba kumulikwa umio na tumbo kwa kamera. Ukianza kukwamwa na chakula, kukonda bila sababu, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, usingoje hata wiki. Saratani ya umio iko hapa kwetu Kenya, waulize watu wa Bomet, inakowasumbua sana. Sikutishi.

Halafu, mgongo ukikuuma dukani unameza nini?

Mpita Magadi Road:
Diklofenaki. Karibu kila siku 🙈

Nesi wa Usiku:
Ehe. Hiyo huumiza tumbo, mtajie daktari kabla hujamtajia kiungulia.

Babu wa Kahawa:
Kijana, mito mitatu inakukunja tumbo tu. Inua kitanda chenyewe: mawe mawili chini ya miguu ya upande wa kichwa, sentimita 15 hadi 20, na ulalie ubavu wa kushoto. Mimi kahawa niliacha, jina nikabaki nalo. Bibi yangu analalamika kuwa anaamka ameteleza hadi mwisho wa godoro, ila kikohozi hakisikii tena.

Binti wa Kiserian:
Napita njia hiyo hiyo. Mambo ya "usile ndani ya saa 3 kabla ya kulala" yameandikwa na mtu asiyejua jam ya Magadi Road. Nilichofanya ni kuhamisha chakula cha jioni. Nabeba kwa kontena, nakula saa kumi na moja unusu kazini kabla ya kupanda matatu. Nyumbani nakaa mezani na wanangu na kikombe cha uji mwepesi. Wiki za kwanza unahisi kama mgeni kwako. Na mama mkwe mwambie mwenyewe kwa simu, usimtume mkeo.

Mpita Magadi Road:
Nimempigia. Amecheka, akasema marehemu mumewe alikuwa hivyo hivyo, nikija atanipikia uji. Leo nimekula githeri dukani saa kumi na mbili kasoro, jirani akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Daktari ni Alhamisi. Mawe nayo, landlord anaongeza ghorofa, kesho namwomba mawili.