Gari-nyumba limenunuliwa Johannesburg, nani alihudumie Lubumbashi?

Mpimaji wa Kampemba (mwenye mada):

Wandugu wa Lubumbashi, naleta jambo hili tulijadili bila matusi. Mwezi wa tatu nilinunua gari-nyumba Johannesburg, lile la kulala ndani: kitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji. Msinicheke kwanza. Kazi yangu ni kupima viwanja, wiki mbili Kolwezi, wiki moja Likasi, mara Kasenga, na bei ya chumba cha Kolwezi mnaijua wenyewe. Nikapiga hesabu, nikaona afadhali nitembee na kitanda changu. Hapa mjini sikupata anayeuza magari ya namna hiyo. Nikaliendesha mwenyewe: Botswana, daraja la Kazungula, Lusaka, Kasumbalesa, zaidi ya kilomita 2,000. Ushuru nimelipa, karatasi ninazo.

Sasa limefika wakati wa kubadilisha mafuta ya injini na filta, beringi ya gurudumu la nyuma inalia, na friji haigandishi tena. Nikalipeleka kwenye garaji inayowakilisha chapa yake hapa. Jina nalimeza. Kijana wa mapokezi akaona usukani uko kulia, akauliza kama nililinunua kwao. Nikasema hapana. Akasema hakuna shida, liache, tutakupigia wiki hii. Nikasaini karatasi ya kupokelea gari, nikaenda.

Wiki ya tatu nikapita bila kuitwa. Gari liko nyuma ya uzio, vumbi juu ya kioo unaweza kuandika jina lako, na namba ya kilomita ni ile ile. Ndipo nikaambiwa: tunaanza na waliouziwa hapa, na magari ya migodi yenye mkataba. Juu ya hapo nikaandikiwa dola 40 kwa saa ya fundi. Jirani yangu, mwenye gari la chapa hiyo hiyo alilonunua pale pale, analipa 25.

Swali: garaji ina haki ya kumweka nyuma, na kumtoza zaidi, mtu aliyenunua gari lake kwingine? Mimi nasema kupanga mstari wake ni haki yake. Kunificha huo mstari, hapana.

Mzee wa Kamalondo:

Mwanangu, ulioa mbali bila kutuambia, leo bibi anaumwa unataka sisi ndio tukimbie na dawa. Subiri.

Mpimaji wa Kampemba:

Baba, ningesubiri. Ningeambiwa tu.

Fundi wa zamani:

Nimefanya kazi miaka 17 kwenye garaji ya namna hiyo, nimeacha, kwa hiyo nitasema yote.

Gari lililouzwa hapa, namba ya chasi ukiiingiza kwenye kompyuta inakuletea kila kipuri. Gari la Afrika Kusini mara nyingine namba inakataa, au inaleta picha ya kitu ambacho si kile kilichofungwa. Fundi anafungua, anakuta tofauti, anafunga tena, anaagiza upya. Saa mbili zimekwenda na hakuna wa kuzilipa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu wa mapokezi kukunja uso wakiona usukani wa kulia.

Ya pili ni mwili wake. Gari-nyumba lina urefu wa karibu mita 3 kwenda juu. Mlango wa garaji nyingi hapa halipiti. Ukilipitisha, jeki ya nguzo mbili iliyotengenezwa kubeba gari dogo haiwezi kulibeba, na hata ikiweza paa linagonga dari. Linabaki shimo la fundi kuingia chini ya gari, na shimo kwa kawaida ni moja, linagombaniwa na pikapu za migodi. Zile pikapu zinalipa kila mwezi, ziwe zimeharibika au hazijaharibika. Wewe ungekuwa mwenye garaji ungetoa nani shimoni?

Ya tatu ni gesi. Fundi wa injini hataki kuchomelea au kupasha chuma karibu na chupa ya gesi ambayo hajui mpira wake una miaka mingapi. Na hapo nampa haki kabisa. Siku ukipeleka tena, toa chupa, iache nyumbani.

Lakini dola 40 dhidi ya 25, hiyo haina ufundi ndani yake. Mkono unaofungua nati ni ule ule. Wakitaka, waandike saa moja zaidi ya uchunguzi, wakuonyeshe kwa nini. Kupandisha bei ya saa kwa sababu ya risiti ya dukani ni kukuadhibu.

Mama Pyesi:

Ninauza pyesi, yaani vipuri, njia ya Kasenga, naomba niingie. Hayo ya kompyuta ni kweli kwa reki ya usukani, dashibodi, waya na wipa. Beringi haijui kushoto wala kulia! Namba yake imechongwa kwenye pete yenyewe, unaifuta grisi kwa kitambaa unaisoma. Unaniletea namba, nakupa beringi, kama sina naagiza Ndola au Dar es Salaam. Filta ya mafuta ni hivyo hivyo. Basi wasitumie usukani kama kisingizio cha kila kitu. Wateja wanaletwa kwangu wakiambiwa "gari lako pyesi hakuna Kongo", na pyesi iko kwenye rafu nyuma ya mgongo wangu.

Fundi wa zamani:

Mama, kwenye beringi sikubishii.

Yaya wa Golf:

Mimi ndiye yule jirani, au mfano wake. Yaya ni mkubwa kwa kuzaliwa, na Golf ni mtaa, si gari. Nilinunua gari langu hapa hapa mjini. Nililipa bei ambayo kila mtu aliniambia ni ujinga, kwamba ningeenda Dar es Salaam au Durban ningebakiza pesa ya kujenga ukuta. Nikakubali ujinga huo kwa sababu moja: siku likiharibika nina mlango wa kugonga. Ile tofauti ya bei niliyolipa ndiyo inayolipa mshahara wa fundi, kompyuta na rafu ya vipuri. Sasa aliyebakiza pesa yake anakuja kusimama mbele yangu kwenye mstari kwa sababu ameamka mapema? Hapana, kaka. Huo mstari niliununua.

Na msinilinganishe na migodi. Hata mimi wananipita hao.

Mpimaji wa Kampemba:

Yaya, nimekusikia na pale kwenye "niliununua" umenishika. Ila mimi sikuwa na la kuchagua. Ungeniuzia wewe gari-nyumba hapa, ningelinunua hapa. Na vipuri vyao sitaki kwa bei ya zawadi, nalipa taslimu.

Yaya wa Golf:

Basi lipa 40.

Dereva wa Kasumbalesa:

Hahaha, Yaya hana mchezo.

Mimi nauliza lingine, maana napita ile barabara kila wiki. Mnabishana juu ya mstari na bei, na hakuna aliyegusa taa. Gari la nchi inayoendesha kushoto, taa zake za chini zimepinda kidogo juu upande wa kushoto, ziangaze ukingo wa barabara na waenda kwa miguu wa kule. Huku kwetu tunaendesha kulia, kwa hiyo ule mwanga uliopinda unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Usiku kati ya Kasumbalesa na mji nimepofushwa mara ngapi sijui. Dereva mwenyewe anaapa kwamba amewasha za chini. Ni kweli amewasha za chini!

Halafu mlango. Gari-nyumba la Afrika Kusini mlango wa chumba uko kushoto, kwa sababu kule kushoto ndiko kwenye majani. Ukisimama huku pembeni ya barabara, mlango unafunguka kwenye magari. Mpimaji, una watoto?

Kwa hiyo mimi ningegeuza swali: garaji zisiruhusiwe kukataa magari haya, na zisiruhusiwe kuyaachia bila kugeuza taa.

Mpimaji wa Kampemba:

Nina wawili. Mlango sikuufikiria hata siku moja. Kasenga tuliteremkia huo huo.

Mzee wa Kamalondo:

Wakati wetu lori la kampuni lilikuwa na garaji ya kampuni. Mtu binafsi alikuwa na baiskeli. Hatukuwa na mijadala hii.

Wakili wa Kenya:

Nakaa komini ya Kenya, si nchi ya Kenya, kabla hamjaniuliza nauli.

Dereva, kulazimisha garaji binafsi ipokee kila gari, hapo sikufuati. Garaji ni biashara, na tangu 2018 tuna sheria ya uhuru wa bei na ushindani, bei kwa jumla ni ya muuzaji. Dola 40 inauma, ila kuuma peke yake si kosa. Nguvu ya Mpimaji iko kwingine, kwenye ile karatasi aliyosaini. Mikataba yetu bado inasimama juu ya dekri, yaani amri ya serikali, ya tarehe 30 Julai 1888, ya zamani kuliko mji wenyewe, na kifungu chake cha 33 kinasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Walipolipokea gari, walilipokea. Swali ni: karatasi inasema nini? Kuna tarehe ya kumaliza? Kuna kazi zilizoorodheshwa? Kama imeandikwa "kuangalia" tu, wameangalia.

Mpimaji wa Kampemba:

Nimeitafuta. Imeandikwa tarehe, namba ya gari, nusu tangi ya mazutu (dizeli), na neno moja: "entretien". Huduma, basi. Hakuna zaidi.

Wakili wa Kenya:

Ndiyo hivyo. Na wewe ulisaini.

Mama Pyesi:

Wakili, lakini tusifiche. Mteja anaogopa kudai kuandikiwa tarehe kwa sababu ataonekana msumbufu, na msumbufu anawekwa nyuma ya uzio. Hata mwenye gari la hapa anaogopa. Yaya, wewe waliwahi kukuandikia tarehe?

Yaya wa Golf:

Hapana. Wananipigia simu.

Fundi baridi wa Katuba:

Naona friji imesahauliwa, na mimi ndiyo kazi yangu. Mpimaji, hilo friji linawaka kwa gesi, kwa betri na kwa umeme wa nyumba? Kama ndiyo, halina kompresa kama la jikoni kwako. Ndani kuna amonia na maji vinavyozunguka vyenyewe kwa joto na kwa mteremko wa mabomba. Gari likisimama limeinama huku friji linawaka, maji yanakwama na baridi inakufa. Ukiliacha limeinama muda mrefu, bomba linaziba moja kwa moja na hakuna fundi wa kuliponya. Kasenga ulisimama wapi?

Mpimaji wa Kampemba:

Kwenye kilima juu ya mto. Siku tisa. Usiku nilikuwa nateleza kuelekea miguuni.

Fundi baridi wa Katuba:

Friji nalo lilikuwa linateleza.

Fanya hivi: weka gari mahali sawa, weka sahani ya maji juu ya sakafu ya friji, tazama maji yamekaa vipi. Chomeka mawe chini ya gurudumu mpaka yakae sawa. Zima, liache likae siku nzima, halafu liwashe kwa gesi usubiri muda wa saa 8 kabla ya kulaumu mtu. Tazama na moto wake: uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, kuna vumbi kwenye tundu la kichomeo. Kwenye maungio ya gesi paka povu la sabuni, likitoa mapovu funga chupa uniite. Umeme wa nyumba usiutumie kwanza mpaka nione chaja yako, maana umeme wetu unapanda na kushuka, umeshanilisha miaka mingi.

Na garaji ile ungeipelekea friji mpaka mwaka kesho. Fundi wa injini hajui friji hizi. Hawezi kukuambia hajui.

Fundi wa zamani:

Ni kweli, hatukuwa tunasema. Tulikuwa tunasema "kipuri kimeagizwa".

Mpimaji wa Kampemba:

Naleta habari baada ya siku sita. Nimelitoa gari. Hawakunitoza kitu, na hilo niliseme kwa haki. Beringi ilisomwa namba, Mama Pyesi alikuwa nayo, vijana wawili wa Katuba waliifunga asubuhi moja chini ya mwembe, gari juu ya magogo na jeki ya lori. Mafuta na filta nimebadilisha siku hiyo hiyo. Friji nililisawazisha kwa mawe matatu na sahani. Saa 8 zilipita bila kitu, nikaanza kutukana. Usiku nikafungua, chupa ya maji ina ukungu.

Yaya, juu ya mstari bado sijakubali yote. Ukitangulia, tangulia, mimi nitakaa nyuma yako. Lakini ubaoni, mlangoni, waandike kwamba aliyenunua kwingine anasubiri wiki ngapi na saa ni dola ngapi. Nikisoma nikaingia, kosa ni langu.

Yaya wa Golf:

Ubao nakubali. Na wa migodi waandikwe pia.

Dereva wa Kasumbalesa:

Na taa?

Mpimaji wa Kampemba:

Taa bado.

Dereva wa Kasumbalesa:

Usiende Kolwezi usiku.