Tupeane uzoefu: kukaa na nguo chache wakati wa kipupwe

Ndugu zangu, huku kwetu Njombe kipupwe cha Juni na Julai huwafanya wengi wavae makoti hata ndani ya nyumba, lakini mimi hufanya kazi za asubuhi uani nikiwa na bukta na kifua wazi, na ningependa kueleza ilivyowezekana ili nanyi mtueleze ya kwenu. Nilianza mwezi wa Machi, hewa ingali na vuguvugu, nikapunguza vazi kidogo kidogo kadiri baridi ilivyozidi, kwa kuwa mwili uliozoeshwa taratibu huchelewa kutetemeka, na ngozi huacha kushtuka kila iguswapo na hewa baridi. Upepo ndio unaoumiza zaidi: mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa iliyopata joto, na upepo hulipeperusha mara moja. Ndiyo maana napasulia kuni nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo jua hufika mapema. Nikiweka shoka chini, hujifuta jasho na kuvaa papo hapo.

*

Kaka wa Njombe, kuhusu upepo nakubaliana nawe, ila sisi wa Lushoto hushindana zaidi na ukungu, maana ngozi au nguo yenye unyevu hupoteza joto upesi. Jioni nikiwa nyumbani hujifunga kanga moja tu na kustarehe, mradi nimejikausha vizuri baada ya kuoga na sikanyagi sakafu ya saruji kwa miguu mitupu. Mkeka na soksi nzito hunitosha. Nawasihi sana, asiwepo atakayefunga madirisha na kuwasha jiko la mkaa chumbani ili akae bila nguo, kwa sababu hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

*

Salamu kutoka Helsinki, Ufini. Huku watu huota joto kwenye sauna, yaani chumba cha mbao chenye joto kali, mara nyingi la nyuzi 80 au zaidi, kisha hutoka uchi au na vazi la kuogelea na kuingia katika tundu lililochimbwa kwenye barafu. Nimejiunga nao, na ninachowahimiza wageni ni kwamba maji si sawa na hewa: huchukua joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Mara tu unapoingia pumzi hukatika na moyo huenda mbio, kwa hiyo shuka kwa ngazi, toa pumzi polepole, usizamishe kichwa, wala usiende peke yako. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Pombe iachwe kabisa, kwani hufungua mishipa ya ngozi, mtu akajiona ana joto kumbe analipoteza.

*

Mimi ni mpagazi wa Moshi. Mwaka 2014 Mholanzi Wim Hof, anayejulikana kwa kuvumilia baridi kali, aliongoza kundi lililopanda Kilimanjaro, wengine wakiwa na kaptula tu, na tangu hapo wageni hutuuliza kama nao wanaweza. Huwajibu kwamba mwendo wa kupanda huzalisha joto jingi, na hatari huja mtu anaposimama kupumzika. Anayetaka kutembea kifua wazi namruhusu avue, lakini koti lake hulipanga juu kabisa ya mzigo, ambapo mkono unalifikia bila kufungua kitu kingine.