Naomba ushauri: ekzosi ya Land Cruiser HZJ75 kwa hewa ya chumvi

Assalamu aleikum ndugu zangu na mafundi. Gari liko Malindi, injini ni 1HZ ya dizeli, haina tabochaja (turbo). Sailensa imeliwa na kutu ndani na nje. Viraka havishiki tena, chuma kimekuwa chembamba mno, kikichomelewa kinatoboka. Nataka kuweka paipu ya inchi 2.5 mpaka nyuma, pamoja na gasketi na raba mpya za kuning'inizia. Paipu ya mabati siitaki kabisa: moshi wa zinki wakati wa kuchomelea ni sumu.

Stenlesi ya 304 (aina ya chuma cha pua) inastahili gharama, au chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kuhimili joto kinatosha?

Pia stadi mbili (bolti zisizo na kichwa) za manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, zimekatikia kwenye silinda hedi. Mafuta ya kulegeza kutu na kupasha moto havijasaidia. Nichomelee nati juu ya visiki nizungushe, au nifungue hedi zitobolewe mezani?